Mtoto wa Manamba na Mtoto wa Mwenye Kahawa

Moja ya fikra potofu zilizoota mizizi katika jamii yetu ni ile isemayo kwamba kuna watoto waliozaliwa na kichwa cha shule na wengine waliozaliwa bila kichwa hicho. Fikra hii haisemwi majukwaani. Husemwa vijiweni, katika vyumba vya walimu na, kwa masikitiko yetu, ndani ya vikao vya Chama pia. Mwaka mmoja, katika darasa la makada nililokuwa nikilifundisha, kijana mmoja aliyetoka kando ya ziwa alisimama akatamka waziwazi kwamba watoto wa wavuvi ni wazito wa kuelewa, tena shule hawaipendi, na kwa hiyo serikali inapoteza fedha kuwajengea madarasa. Nusu ya darasa ilicheka. Nusu nyingine iliitikia kwa vichwa. Kijana mwenyewe alikuwa mtoto wa mwalimu.

Ndugu huyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaeleza alichokiona kwa macho yake, ila alikosa historia ya kukielezea. Kauli yake ina madai mawili, na ni vema tuyatenganishe: la kwanza linahusu uwezo wa mtoto, na la pili linahusu mapenzi yake, yaani anachokitaka na asichokitaka. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba yote mawili hupikwa katika jungu moja, nalo ni hali ya uchumi ya nyumba anamokulia mtoto. Wale waliosoma uyakinifu watasema hili si jipya: hali ya maisha ya mtu ndiyo inayojenga fikra zake. Ni kweli. Lakini kanuni ikigeuzwa hirizi ya kuning'iniza shingoni haimsaidii mtu. Lazima tuonyeshe ilivyofanya kazi katika nchi yetu, mahali gani, kwa zao gani, na kwa sheria ya nani.

Watoto walionunuliwa sokoni

Tuanze na ushahidi ambao mara nyingi tunausahau. Wamisionari wa UMCA walihamia Unguja mwaka 1864. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua kituo chao Bagamoyo mwaka 1868. Je, wanafunzi wao wa kwanza walikuwa akina nani? Hawakuwa watoto wa waungwana wa pwani, kwa maana hao walikuwa na vyuo vyao vya Korani na hawakuwa na sababu ya kumkabidhi mtoto kwa mgeni wa dini nyingine. Hawakuwa watoto wa machifu wa bara pia. Machifu wengi walipobanwa na wamisionari watoe watoto wa kusoma, walitoa watoto wa watumwa na wa nyumba duni, wakawaficha wa kwao. Wanafunzi wa kwanza walikuwa watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa, au walionunuliwa sokoni wakakombolewa. Katika ngazi ya jamii ya wakati ule, chini ya hao hapakuwa na mtu.

Watoto hao wakawa walimu, wapiga chapa, wafasiri na makarani. Mmoja wao, Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, alisoma Kiungani huko Unguja, akapelekwa Canterbury, Uingereza, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika misheni ya UMCA. Kama kichwa cha shule kingekuwa kinakaa katika damu ya nasaba bora, kama walivyoamini waungwana, basi mtoto yule asingeweza kuvuka hata herufi za mwanzo. Alivuka kwa sababu mazingira yake yalibadilishwa ghafla: alipata chakula kila siku, mwalimu, kitabu, lugha na muda. Tusisahau kwamba muda huo alipewa kwa kuondolewa kwa nguvu katika ukoo wake. Hatumsifu aliyemnunua. Tunasema tu kwamba jaribio hili la kikatili la historia limekwisha kutujibu swali ambalo bado tunaulizana vijiweni.

Mwaka 1925

Wajerumani walikuwa wamefungua shule ya serikali Tanga katika miaka ya 1890 ili kupata maakida na makarani wa kuandika Kiswahili. Waliwataka watu wa kuwatumikia, na hawakuchagua sana nasaba. Waingereza walikuja na fikra nyingine. Gavana Donald Cameron alifika mwaka 1925 na mfumo wa kutawala kwa kupitia machifu, na mfumo huo ulihitaji machifu wanaojua kusoma mahesabu ya kodi. Mwaka huo huo shule ya Tabora ilifunguliwa kwa ajili ya watoto wa machifu, ikaendeshwa kwa mtindo wa shule za mabwana wa Uingereza, pamoja na viranja na nidhamu yake. Hapo ndipo mlango uliokuwa umefunguliwa kwa mtoto wa mtumwa ulipogeuzwa kuwa mlango wa mtoto wa kabaila. Machifu waliokuwa wakificha watoto wao miaka thelathini nyuma sasa waliwaleta wenyewe kwa mikono yao. Je, walianza kuipenda shule? Hapana, shule ndiyo iliyoanza kutoa madaraka. Hili tulikumbuke tutakapofika kwenye suala la mapenzi.

Baadaye Tabora iliwapokea pia wasio watoto wa machifu, kwa mtihani. Lakini hata Mwalimu Nyerere hakutoka hewani. Alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, akaanza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka kama kumi na miwili, na mwaka 1937 akaingia Tabora. Wapo wanaokasirika wakisikia hivi, wakidhani tunapunguza kipaji cha Mwalimu. Hatupunguzi. Burito alikuwa na wake wengi na watoto wengi, na si wote waliosoma, kipaji kilihitajika. Tunachosema ni kwamba katika kizazi kile kile walikuwapo watoto wa wachungaji wa ng'ombe wenye kipaji, ambao majina yao hatutayajua kamwe kwa sababu hakuna aliyewapeleka Mwisenge.

Mwaka ule ule wa 1925, huko Kilimanjaro, wakulima wa Kiafrika waliunda chama chao cha kulinda kahawa, KNPA, ambacho mwaka 1933 kilifuatiwa na KNCU. Kwa maoni yangu, tukio hili lilikuwa na uzito kwa elimu ya nchi yetu kuliko ufunguzi wa Tabora. Kahawa ilimpa mkulima mdogo fedha taslimu akiwa nyumbani kwake, chini ya migomba yake, bila kuiacha familia. Fedha ile ilinunua sare, ikalipa karo, ikanunua mafuta ya taa. Misheni zilikuwa zimekwisha kujijenga katika nyanda hizo za juu zenye hewa ya baridi, nazo zilipata wazazi wenye uwezo wa kuchangia. Bukoba nako, kwa kahawa yake, mambo yalikwenda njia hiyo hiyo.

Sasa tuiangalie Kigoma ya wakati ule. Huko mkoloni hakuhimiza zao la biashara. Aliona ghala la nguvukazi. Wanaume walisombwa kwa mkataba kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakapewa namba badala ya majina, ndipo wakaitwa manamba. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na shirika lao maalumu la kuwaandikisha na kuwasafirisha, SILABU. Mwanamume aliondoka kwa miezi mingi, wengine kwa miaka. Mke alibaki na jembe, na mtoto wa kiume wa miaka minane ndiye aliyekuwa msaidizi pekee wa nyumba. Mtoto huyo alijifunza mengi: kuswaga mbuzi, kusoma mawingu, kulea mdogo wake, kukadiria chakula kifike msimu ujao. Hayo yote ni ujuzi. Lakini hakuna mtihani uliowahi kuyauliza.

Watoto hawa wawili, yule wa mwenye kahawa na huyu wa manamba, ukiwakalisha dawati moja mwaka 1955 na kuwapa karatasi moja, utaona tofauti kubwa, na mwalimu mvivu ataiita akili. Ndivyo takwimu za makabila "yenye akili" zilivyozaliwa katika nchi hii. Nakiri kwamba uchumi peke yake haumalizi kila kitu. Songea nayo ilitoa manamba kwa wingi, lakini Wabenediktini wa Peramiho walijenga shule na karakana, na eneo hilo likatoa walimu na mafundi wengi. Mahali ambapo chombo fulani, kiwe misheni, ushirika au serikali, kiliingia kati ya umaskini wa nyumba na mtoto, matokeo yalibadilika.

Kuhusu shule za kibaguzi za Wazungu, Waasia na Waafrika, makada wanazifahamu, na sitazirudia. Ziliunganishwa kuanzia Januari 1962. Itoshe kukumbusha picha aliyoitoa Mwalimu katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967: mwaka 1961 walikuwapo watoto 490,000 katika shule za msingi, wengi wao wakiishia darasa la nne, sekondari walikuwapo wanafunzi 11,832, na kidato cha sita 176 tu. Katika nchi nzima! Ukiwa na nafasi 176, huhitaji kumbagua mtoto wa manamba kwa sheria. Uhaba wenyewe unambagua.

Mtoto hapendi shule

Tufike kwenye dai la pili. Elimu ya Kujitegemea ilitaka shule ziwe na mashamba, na mtoto aone fahari katika kilimo. Wazazi wengi vijijini walinung'unika. Walisema: hatukumpeleka mtoto shule akashike jembe, jembe lipo nyumbani. Makada wa wakati ule waliita manung'uniko hayo kasumba ya kikoloni. Ilikuwamo kasumba, hatukatai. Lakini mkulima yule alikuwa pia anapiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Alimwona karani akilipwa kila mwisho wa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Mwanazuoni Philip Foster, aliyeichunguza Ghana, aliandika mwaka 1965 kwamba mitaala ya kilimo haibadilishi matamanio ya vijana, kwa kuwa matamanio hufuata mishahara na nafasi zilizoko katika uchumi. Foster hakuwa mjamaa, lakini hapo alisema kweli.

Serikali yetu nayo ililielewa hilo kwa vitendo, ikalishughulikia pengo lenyewe. Katika tathmini yake ya mwaka 1977 ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu alieleza kwamba tofauti kati ya mshahara wa juu na wa chini kabisa katika utumishi wa umma, baada ya kodi, ilishuka kutoka mara 50 hivi mwaka 1961 hadi mara 9 hivi mwaka 1976. Ukitaka mtoto asilidharau jembe, mhubirie kidogo. Kazi kubwa ni kurekebisha bei ya mazao na mishahara.

Ushahidi mkubwa kuliko wote kuhusu mapenzi ya shule haupo katika vitabu vya nadharia. Upo katika karo. Karo ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973. Novemba 1974 Azimio la Musoma likaamua watoto wote wawe shuleni ifikapo 1977, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikuwa imekaribia kuwaandikisha wote. Baadaye ukaja mzigo wa vita vya Kagera, bei ya mafuta, na masharti ya mashirika ya fedha ya kimataifa. Karo za sekondari zilirudi mwaka 1985, na michango ya shule za msingi ikafuata. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 uandikishaji ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 80. Nani waliotoka? Si watoto wa makarani. Wakati huo nilisikia kwa masikio yangu watu wakisema kwamba wananchi wa vijijini wamepoteza mwamko wa elimu. Basi karo na michango ya lazima ikaondolewa chini ya mpango ulioanza kutekelezwa mwaka 2002. Wanafunzi wa shule za msingi wakaongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005. Ule mwamko uliodaiwa kupotea ulirudi ndani ya mihula michache! Watoto waliokuwa "hawapendi shule" walibanana watano dawati moja. Elimu bila ada hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016, ilileta msongamano wa aina ile ile.

Kwa hiyo, ndugu kada, unaposikia kwamba mtoto fulani hapendi shule, uliza kwanza shule hiyo inaigharimu nini nyumba yake. Msimu wa dagaa, siku moja ya mtoto wa mvuvi ina bei inayojulikana. Siku moja ya mtoto wa karani haina bei.

Na huyu mtoto wa mvuvi tunayemwita mzito: mpe ndoo ya dagaa, mwambie auze kwa visado, atakurudishia chenji kabla hujamaliza kuhesabu noti zako. Mwaka 1985 watafiti wa Brazili walichapisha uchunguzi wao kuhusu watoto wachuuzi wa mji wa Recife. Walikuwa watoto watano tu, lakini matokeo yanafundisha. Walipoulizwa mahesabu sokoni, katika biashara yao, walipata karibu yote, asilimia 98. Walipopewa mahesabu yale yale kwa namba tupu katika karatasi, walipata asilimia 37. Kichwa ni kile kile. Kilichobadilika ni lugha ya kuulizia, na lugha hiyo ni mali ya tabaka fulani.

Mali isiyotajwa katika Miiko

Hapa ndipo penye uchungu, na hatuna budi kujikosoa.

Baada ya Musoma, nafasi za sekondari za serikali ziligawanywa kwa mikoa na wilaya ili watoto wa Kigoma na Lindi wasimezwe na wa Kilimanjaro na Kagera. Ulikuwa uamuzi wa haki, nami nautetea hadi leo. Lakini mgao wa wilaya hauulizi, ndani ya wilaya, huyu ni mtoto wa nani. Mara nyingi anayekuwa tayari kuichukua nafasi ni mtoto wa bwana shamba, wa mwalimu au wa mwenye duka. Wenye kahawa nao hawakukaa kimya: walichanga, wakajenga sekondari zao pamoja na madhehebu yao, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 shule za sekondari zisizo za serikali zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Jumuiya ya Wazazi ya Chama chetu ilijenga zake pia. Hatuwezi kumlaumu mzazi kwa kuchanga. Lakini tuone kilichotokea: mali ya nyumba ilizuiwa mlango wa mbele, ikazunguka nyuma.

Miiko ya Uongozi ya mwaka 1967 ilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, hisa katika kampuni, au mishahara miwili. Ililegezwa na kikao cha Zanzibar mwaka 1991. Tunaijadili miiko hiyo mara kwa mara, wengine kwa machozi. Lakini hata katika nguvu zake zote, Miiko haikuwahi kugusa mali moja ambayo kila mtumishi msomi alikuwa akiirithisha usiku, mezani, bila mtu kuona: lugha ya mtihani, mazoea ya kitabu, na imani kwamba ofisi ni mahali pa kawaida pa mtu kuingia. Sekondari zetu hufundisha na kutahini kwa Kiingereza. Mtoto anayezungumzishwa Kiingereza na baba yake tangu akiwa na miaka mitatu, anayelipiwa shule ya Kiingereza, hafikii kidato cha kwanza kwa mwendo sawa na mwenzake aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili. Nyumba ya kupangisha unaweza kuitaifisha, ila mazungumzo ya mezani hayataifishiki.

Binti yangu mwenyewe yuko katika shule ya namna hiyo. Nimeandika sentensi hii mara mbili na kuifuta mara mbili. Mimi, mkufunzi wa siasa, nililelewa katika shule ya kijiji isiyo na sakafu, na nilipopata mshahara jambo la kwanza nililonunua lilikuwa tofauti kati ya mtoto wangu na mtoto wa jirani. Nikimwuliza anataka kuwa nani, anajibu: rubani, au mwanasheria. Nikimwuliza mtoto wa jirani, anajibu: dereva wa bodaboda, kama kaka. Wote wawili wanasema kweli. Kila mmoja amechagua katika yale aliyoyaona.

Wala si fedha tu. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na udumavu ndio unaopunguza uwezo wa ubongo kabla mwalimu hajamwona mtoto. Mikoa iliyoongoza ni Iringa, yenye zaidi ya nusu ya watoto wake, ikifuatiwa na Njombe na Rukwa. Hii ndiyo mikoa inayolilisha taifa! Kuwa na ghala la mahindi si kuwa na mlo kamili, na mama anayelima toka alfajiri hadi magharibi hana saa ya kumlisha mtoto mara tano kwa siku. Tunaposema "hali ya uchumi ya nyumba" tusifikirie pato pekee. Tuifikirie pia kazi, na nani anaifanya.

Mwaka jana, katika tawi ninaloishi, ajenda moja ilikuwa mchango wa uji katika shule ya msingi ya mtaa: kilo chache za mahindi kwa kila kaya kwa muhula, na zamu ya kupika. Tulikuwa wajumbe zaidi ya ishirini. Ulizuka ubishi mkali juu ya nani atunze ghala, na wengine wakahofia kwamba mchango utaonekana kama karo iliyorudi kwa mlango wa nyuma, hofu ambayo, kwa historia niliyoieleza hapa, si ya kupuuzwa. Mama mmoja muuza mboga, mwenye wajukuu watatu katika shule ile, aliomba nafasi. Akauliza, kwa adabu kabisa, kati yetu tuliokaa pale ni wangapi wana mtoto anayesoma shule hiyo. Mikono iliyoinuka ilikuwa minne. Mwenyekiti aliahirisha ajenda hadi kikao kijacho, na katika kikao hicho tuliamua kwamba kaya zisizo na mtoto katika shule ile ndizo zitoe mahindi ya muhula wa kwanza. Mimi nilipangiwa debe moja na nusu.